Mng'aro kama Ushahidi: Historia ya Bastola Zilizochovywa Nikeli na Thamani Yake kwa Wakusanyaji

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya bastola zilizochovywa nikeli nchini Marekani kuanzia miaka ya 1870, pamoja na sababu zinazowafanya wakusanyaji wa silaha za kale kuzipenda na kuzitilia shaka kwa wakati mmoja. Hoja ya msingi ni kwamba tabaka la nikeli, ambalo lilianza kama kinga dhidi ya kutu na kuendelea kama pambo, sasa ni hati ya kihistoria inayosomwa na wataalamu. Kulisugua au kulichovya upya ni kuifuta hati hiyo. Makala yanaonesha namna hoja hii inavyozigusa sera za Afrika Mashariki katika maeneo matatu: utambuzi wa silaha, biashara ya pembe za ndovu na uhifadhi wa vifaa vya makumbusho.

Istilahi za msingi: bastola, nikeli, kuchovya, wakusanyaji, ushahidi, uhifadhi

1.0 Utangulizi

Waswahili husema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii humwonya mtu anayekihukumu kitu kwa sura yake ya nje. Kwa wakusanyaji wa bastola za kale, onyo hilo hupimwa kwa fedha taslimu. Chukulia bastola mbili zilizotoka katika kiwanda kimoja, mwaka mmoja. Ya kwanza inang'aa kama kioo kuanzia mtutu hadi kitako. Ya pili imechakaa: nikeli imebanduka mdomoni mwa mtutu na kwenye kingo za silinda, na chuma kilichofunuliwa kimegeuka rangi ya kahawia. Mtu asiyezoea ataichagua ya kwanza. Mkusanyaji mzoefu ataishika ya kwanza, ataigeuza kwenye mwanga, kisha mara nyingi ataiweka chini na kuulizia bei ya pili.

Makala haya yanalenga kueleza uamuzi huo. Mjadala umejikita Marekani, hasa katika majimbo ya Massachusetts na Connecticut, kwa kuwa huko ndiko viwanda vikuu vya bastola za nikeli vilikokuwa na huko ndiko ukusanyaji wake ulikokomaa. Afrika Mashariki inaingia katika sehemu ya saba, ambako maswali yaleyale ya umri, alama na uhalisi yanakutana na sheria za ukanda huu.

Jambo moja la istilahi linafaa kuwekwa wazi mapema. Kiswahili kina vitenzi vitatu vinavyokaribiana: kupaka, kuvisha na kuchovya. Kupaka ni kueneza kitu cha majimaji au kilaini juu ya kingine. Kuvisha ni kufunika. Kuchovya ni kutumbukiza katika kimiminika na kutoa. Makala yametumia kuchovya kwa sababu mbili. Kwanza, ndicho kitenzi kinachoeleza ufundi wenyewe kwa usahihi, kwani kifaa hutumbukizwa katika beseni la chumvi za nikeli. Pili, kitenzi hiki tayari kimebeba shaka inayohusika na mada. Mnunuzi wa vito anapoambiwa kuwa mkufu ni wa dhahabu ya kuchovya, huelewa mara moja kuwa juu kuna kitu kimoja na ndani kuna kingine.

2.0 Jina la madini na chimbuko la ufundi

Historia ya nikeli inaanza na watu kudanganywa na rangi. Wachimbaji wa madini wa Kijerumani waliona mwamba wenye wekundu wa shaba, wakauyeyusha wakitarajia shaba, wakakosa. Lawama walimtupia pepo mtundu waliyemwita Nickel, na mwamba ule wakauita Kupfernickel, yaani shaba ya pepo huyo. Mwaka 1751 mwanakemia wa Sweden, Axel Fredrik Cronstedt, alitenga kutoka katika mwamba wa jamii hiyo metali mpya nyeupe, na jina la pepo likabaki kuwa jina la metali. Kumbukumbu ya kudanganywa imo ndani ya neno lenyewe.

Matumizi ya umeme kulaza nikeli juu ya metali nyingine yalijaribiwa katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Mwaka 1843 Rudolf Böttger wa Ujerumani alieleza beseni lililofanya kazi kwa uhakika wa kutosha, lakini ufundi huo ulichukua muda kabla ya kuwa wa kibiashara. Hatua kubwa ilikuja mwaka 1869, pale Isaac Adams wa Boston alipopata hataza ya Marekani kwa mbinu yake. Baada ya hapo nikeli ilienea kwa kasi: ilionekana kwenye majiko, vifaa vya madaktari, taa, baiskeli na, bila kuchelewa, bastola.

Utaratibu wa msingi si mgumu kueleweka. Kifaa cha chuma hutundikwa katika maji yenye chumvi za nikeli na kuunganishwa na ncha hasi ya umeme, ilhali kipande cha nikeli huunganishwa na ncha chanya. Umeme unapopita, nikeli hujilaza juu ya chuma taratibu. Hata hivyo, kazi kubwa hufanyika kabla ya beseni. Tabaka hilo ni jembamba na hufuata kila umbo lililo chini yake. Mkwaruzo uliokuwapo kabla ya kuchovya huonekana baada ya kuchovya. Kwa hiyo chuma lazima kisuguliwe kwa magurudumu ya kung'arishia hadi kiwe laini, kisha kisafishwe mafuta yote. Hatua hii ya kusugua ndiyo ufunguo wa sehemu kubwa ya mjadala unaofuata. Fundi wa kiwandani aliisugua bastola kabla haijapata historia; fundi wa baadaye huisugua ikiwa nayo.

Maendeleo yaliyofuata yanahitaji kutajwa kwa ufupi, kwa sababu yanasaidia kukadiria umri. Mwaka 1916 Oliver Watts wa Marekani alitangaza mchanganyiko wa beseni ulioruhusu kazi kwenda haraka zaidi. Katika miaka ya 1920 kromu ilianza kutumika kibiashara. Katika miaka ya 1940 Abner Brenner na Grace Riddell walibuni njia ya kulaza nikeli kwa mmenyuko wa kikemia bila mkondo wa umeme. Kila hatua iliacha sura yake juu ya chuma.

3.0 Kwa nini nikeli: baruti, jasho na soko

Mwaka 1869 una umuhimu wa pekee kwa sababu matukio mawili yalikutana. Adams alipata hataza yake ya kuchovya, na mwaka huohuo ikaisha hataza ya Rollin White iliyokuwa imeipa kampuni ya Smith & Wesson haki ya pekee nchini Marekani ya kutengeneza silinda iliyotobolewa upande hadi upande kwa ajili ya risasi za ganda la metali. Milango ikafunguliwa kwa watengenezaji wengi. Bastola ya kisasa ya silinda na mng'aro wa kisasa viliingia sokoni pamoja.

Sababu ya kwanza ya kupendwa kwa nikeli ilikuwa ya kimatumizi. Baruti ya wakati huo ilikuwa baruti nyeusi. Masizi yake hunyonya unyevu wa hewa na kula chuma, na bastola isiyosafishwa baada ya kutumika huweza kushika kutu kwa muda mfupi. Kwa upande mwingine, bastola ndogo zilibebwa mfukoni au kiunoni, karibu na mwili, ambako jasho lina chumvi. Njia ya kawaida ya kumalizia chuma cha bunduki, ile inayokipa weusi wenye samawati, hutoa kinga ndogo dhidi ya hali hizi. Nikeli ilitoa kinga bora zaidi.

Sababu ya pili ilikuwa ya soko. Bastola nyingi za bei nafuu za miaka ya 1870 hadi mwanzoni mwa karne ya 20 ziliuzwa zikiwa zimechovywa nikeli kama hali yake ya kawaida. Viwanda kama Iver Johnson na Harrington & Richardson vya Massachusetts, na Hopkins & Allen cha Connecticut, vilitoa bastola za aina hiyo kwa wingi. Mnunuzi wa kipato kidogo alipata kitu kilichofanana na fedha kwa bei aliyoimudu. Hapa ndipo nikeli ilipoanza kuwa na sura mbili katika jamii: ilikuwa alama ya ubora kwenye bastola ya gharama, na kificho cha unyonge kwenye bastola duni.

Jeshi halikuvutiwa sana. Smith & Wesson ilipotoa bastola yake kubwa iitwayo Model 3 mwaka 1870, Jeshi la Marekani liliagiza 1,000; kati ya hizo 800 zilikuwa na rangi nyeusi-samawati na 200 zilikuwa za nikeli. Colt Single Action Army, iliyopokelewa na jeshi mwaka 1873, ilinunuliwa na serikali ikiwa na umalizio wa giza. Sababu inaeleweka: chuma kinachong'aa hurudisha mwanga wa jua, na askari hataki kuonekana kutoka mbali. Raia ndiye aliyetaka kuonekana.

Mfano unaojulikana sana ni wa Bat Masterson, mlinzi wa sheria na mcheza kamari wa Dodge City. Mnamo Julai 1885 aliiandikia kampuni ya Colt barua akiagiza bastola ya kalibari ya .45 iliyochovywa nikeli, yenye mtutu mfupi, na akaeleza jinsi alivyotaka shabaha ya mbele iwe ndefu na nene kidogo kuliko kawaida. Barua hiyo ni ya thamani kwa historia kwa sababu inaonesha mteja mwenye maarifa ya kazi yake aliyechagua nikeli kwa hiari, pamoja na marekebisho ya kimatumizi. Kwake mng'aro na matumizi havikupingana.

4.0 Mvuto kwa wakusanyaji

Mvuto wa kwanza ni wa macho. Nikeli ya zamani si nyeupe ya baridi kama kromu. Ina joto kidogo linaloelekea umanjano, na wakusanyaji hujifunza kuitambua kwa kuiangalia chini ya mwanga wa mchana. Nikeli pia huonesha nakshi vizuri. Mchoro wa majani uliochongwa kwa mkono kwenye fremu ya bastola huchezesha mwanga na kivuli, na macho huusoma hata kwa mbali. Tofauti na fedha, ambayo huingia weusi inapokutana na salfa iliyomo hewani, nikeli hupata ukungu mdogo tu. Bastola ya nikeli iliyotunzwa vizuri kwa miaka 130 huweza kufanana sana na ilivyokuwa siku ilipotoka kiwandani.

Mvuto wa pili ni wa uhaba. Kwa aina nyingi za bastola za Colt zilizokusudiwa matumizi mazito, nikeli haikuwa umalizio wa kawaida bali wa kuagizwa. Iliyobaki na nikeli yake kamili ni chache zaidi, kwani bastola hizi zilikuwa vyombo vya kazi, zikabebwa, zikaangushwa na kukwaruzwa. Kinachotafutwa na mkusanyaji ni mng'aro ulionusurika.

Mvuto wa tatu ni wa hadithi. Filamu na vipindi vya televisheni kuhusu magharibi ya Marekani vilimfanya mtu wa bastola inayong'aa kuwa sura ya kudumu katika fikra za umma. Nguvu ya picha hizo ilikuwa ya kiuchumi pia. Colt, iliyokuwa imeacha kutengeneza Single Action Army wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, iliirejesha sokoni mwaka 1956 kutokana na hamu iliyochochewa na televisheni. Umma ulikuwa tayari kununua upya kitu kilichopitwa na wakati kiteknolojia kwa sababu kilikuwa kimegeuka kumbukumbu.

Hata hivyo, hadithi huzaa udanganyifu. Husimuliwa kwamba Masterson mwenyewe, alipokuwa mwandishi wa habari mjini New York katika miaka yake ya mwisho, alichoshwa na mkusanyaji aliyeing'ang'ania bastola yake. Akanunua bastola kuukuu katika duka la rehani, akaichonga alama za watu aliodaiwa kuwaua, akamuuzia. Iwe kisa hicho kilitokea jinsi kinavyosimuliwa au kilinogeshwa, kimeishi kwa muda mrefu katika duru za wakusanyaji kwa sababu kinafundisha jambo wanalolijua: mtu akitaka sana kuamini, ushahidi hutengenezwa.

5.0 Kasoro

5.1 Kasoro ya kikemia

Kinga ya nikeli ina sharti. Ili kuelewa sharti hilo, inafaa kuilinganisha na bati la kuezekea nyumba. Bati ni chuma kilichofunikwa kwa zinki. Likikwaruzwa, zinki iliyo kando ya mkwaruzo huliwa kwanza na hivyo kukikinga chuma. Nikeli hufanya kinyume. Mahali tabaka lilipotoboka, chuma ndicho huliwa kwanza, na nikeli iliyo kando huharakisha kazi hiyo. Kwa hiyo nikeli hulinda chuma inapokuwa nzima tu. Tundu dogo lisiloonekana kwa macho huingiza unyevu, kutu hutambaa chini ya tabaka, nikeli hufura kama rangi ya ukuta uliolowa, kisha hubanduka.

Tofauti nyingine ya kimsingi iko hapa. Umalizio mweusi-samawati hufifia polepole kwa kushikwashikwa, na kufifia huko huacha sura ya upole inayopendwa na wakusanyaji. Nikeli haififii, hubaki au hubanduka. Mpaka kati ya sehemu iliyobaki na iliyobanduka ni mkali, na jicho huuona mara moja. Ndiyo sababu bastola ya nikeli iliyochakaa kwa kiasi fulani huonekana mbaya kuliko ya rangi nyeusi iliyochakaa kwa kiasi kilekile.

Utunzaji nao una mitego. Baadhi ya mafundi walilaza shaba kwanza kisha nikeli juu yake ili ishike. Vimiminika vya kusafishia mtutu vyenye amonia huyeyusha shaba. Vikiachwa juu ya kifaa chenye shaba chini na ufa juu, hupenya na kuinua nikeli. Ala ya ngozi nayo, ambayo mtu angedhani ni mahali salama, hushika unyevu na kubaki na kemikali zilizotumika kulainisha ngozi, na bastola iliyohifadhiwa humo kwa miaka huweza kutoka ikiwa na madoa. Watunzaji wa makumbusho hupendelea kuzitoa bastola katika ala na kuviweka vitu hivyo viwili kando kando.

Kwa upande wa matumizi, faida ya nikeli ilipungua kadiri teknolojia ilivyosonga. Baruti isiyotoa moshi, iliyobuniwa na Paul Vieille wa Ufaransa mwaka 1884, ilichukua nafasi ya baruti nyeusi. Mwaka 1965 Smith & Wesson ilitoa Model 60, bastola ya silinda iliyotengenezwa kwa chuma kisichoshika kutu. Chuma hicho hakina tabaka la kubanduka. Tangu hapo nikeli ilibaki zaidi na kazi ya pambo.

5.2 Kasoro ya kihistoria: kuchovya upya

Kasoro kubwa zaidi kwa mkusanyaji haitokani na kemia bali na binadamu. Kuchovya nikeli ni kazi iliyoweza kufanyika katika karakana nyingi nje ya viwanda vya silaha. Bastola iliyoshika kutu au iliyopoteza rangi yake nyeusi-samawati iliweza kusuguliwa, kuchovywa na kurudishwa sokoni ikiwa na sura mpya. Bastola za Smith & Wesson Schofield ni mfano mzuri. Jeshi la Marekani lilipoziuza kama masalia, nyingi zilikatwa mtutu, na baadhi zikachovywa nikeli na wafanyabiashara kabla ya kuuzwa kwa raia. Hapakuwa na nia ya kumdanganya msomi wa baadaye. Palikuwa na nia ya kuuza. Matokeo kwa historia, hata hivyo, ni yaleyale.

Kuchovya upya kulidai kusugua upya, na kusugua huondoa chuma. Herufi za jina la kiwanda huwa hafifu. Kingo zilizokuwa kali huwa mviringo. Matundu ya skrubu huzama ukingoni kama kisahani. Alama za wakaguzi wa jeshi, ambazo huenda ndizo pekee zilizoonesha kuwa bastola ilipita mikononi mwa serikali, hupotea. Mng'aro mpya hulipiwa kwa maandishi ya zamani.

6.0 Kusoma uso wa chuma

Kutokana na hali hiyo, wakusanyaji wamekuza namna ya kusoma inayofanana na kazi ya mhakiki wa miswada. Mhakiki hutazama wino, karatasi na mkono wa mwandishi. Mkusanyaji hutazama rangi, kingo na alama. Kwenye bastola za zamani za Smith & Wesson, kwa mfano, nyundo na kifyatulio kwa kawaida havikuchovywa nikeli kiwandani hata kama bastola nzima ilichovywa; viliachwa na rangi za madoadoa zinazotokana na kukaza chuma kwa joto. Nyundo inayong'aa kama fremu ni dalili ya kwanza kwamba mkono mwingine umepita. Vivyo hivyo, bastola ya mwaka 1885 yenye kromu haiwezi kuwa na umalizio wake wa awali, kwa kuwa kromu haikuwapo sokoni.

Uso wa chuma husomwa pamoja na kumbukumbu za maandishi. Colt huitafutia bastola habari zake katika daftari za kiwanda kwa namba yake, na kwa bastola za Smith & Wesson pia zipo kumbukumbu za namna hiyo. Barua inayotolewa huweza kutaja aina ya umalizio, tarehe ya kusafirishwa na mfanyabiashara aliyepelekewa. Daftari likisema nyeusi-samawati na bastola ikawa ya nikeli, swali limejibiwa. Lakini daftari husaidia pale tu namba inaposomeka, na namba ni miongoni mwa vitu vinavyoliwa na gurudumu la kung'arishia.

Vigezo vya Chama cha Kitaifa cha Bunduki cha Marekani (NRA) vya kupima hali ya silaha za kale vinaonesha wazi msimamo wa jamii hii. Daraja la juu linaloitwa bora hudai zaidi ya asilimia 80 ya umalizio wa awali. Linalofuata hudai zaidi ya asilimia 30. Daraja la nzuri sana hukubali umalizio wa awali kuanzia asilimia 30 hadi kutobaki kabisa, mradi chuma ni laini na kingo ni kali. Silaha iliyotiwa rangi upya huwekwa chini ya hapo, katika daraja la nzuri. Maana yake ni kwamba bastola isiyobaki na chembe ya umalizio wake huweza kutanguzwa mbele ya ile inayong'aa kwa kazi ya fundi wa baadaye. Kupungukiwa kwa uaminifu kumehesabiwa kuwa bora kuliko kukamilishwa kwa uongo.

7.0 Umri, sheria na Afrika Mashariki

Mjadala huu ungeweza kuachwa kwa wenye fedha za kukusanya, kama umri wa silaha usingekuwa suala la kisheria. Sheria ya Marekani ya mwaka 1968 ya kudhibiti silaha huitambua kuwa ya kale silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla, na kuiondolea sehemu kubwa ya udhibiti. Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2001 kuhusu utengenezaji na usafirishaji haramu wa silaha huziachia nchi kuamua silaha ya kale ni ipi, lakini inakataza kabisa kuijumuisha iliyotengenezwa baada ya mwaka 1899. Mwaka mmoja hutenganisha kifaa cha kabati la kioo na silaha inayodai leseni. Ushahidi wa mwaka huo uko juu ya chuma: katika namba, katika alama na katika umalizio.

Hapo ndipo ukanda huu unapoguswa kwanza. Itifaki ya Nairobi, iliyotiwa saini tarehe 21 Aprili 2004 na mataifa ya Maziwa Makuu, Pembe ya Afrika na jirani zake, inazitaka nchi kuweka alama kwenye silaha ndogo na kutunza kumbukumbu zake ili ziweze kufuatiliwa. Kituo cha Kikanda cha Silaha Ndogo, RECSA, chenye makao yake Nairobi, kilianzishwa mwaka 2005 kuratibu kazi hiyo. Mfumo mzima unategemea alama iliyopigwa kwenye chuma kuendelea kusomeka. Namba iliyofifia wakati mwingine hurejeshwa maabara kwa asidi, kwa sababu chuma kilicho chini ya pigo la chapa hubaki kimebanwa. Lakini kikisuguliwa kwa kina cha kutosha, hata athari hiyo hutoweka. Fundi anayeing'arisha bastola bila nia mbaya, na mhalifu anayefuta namba kwa makusudi, huweza kuiacha maabara katika giza lilelile. Sera inayotaja kufuta namba kuwa kosa haina budi kusema pia nini kifanyike kabla ya silaha halali kupelekwa kung'arishwa: namba inakiliwe, ipigwe picha, na kumbukumbu ibaki kwa mamlaka.

Mguso wa pili ni wa pembe. Bastola ya nikeli yenye kitako cha pembe ya ndovu ilikuwa mchanganyiko uliopendwa sana. Katika karne ya 19 pembe za Afrika Mashariki zilipitia Zanzibar hadi miji ya Deep River na Ivoryton, katika Connecticut, jimbo lilelile la Colt, ambako zilitengenezwa hasa vibao vya piano. Mwaka 1989 Tanzania ilikuwa mbele katika pendekezo lililoufanya Mkataba wa CITES kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu wa Afrika. Marekani ilikaza kanuni zake za ndani mwaka 2016, ikaacha nafasi kwa vitu vya kale vyenye umri wa miaka 100 au zaidi. Hivyo mwenye bastola kama hiyo anatakiwa kuthibitisha umri, na anayechezea uhalisi wa kifaa hufungua mwanya wa pembe mpya kuvaa sura ya zamani. Uhai wa ndovu wa Selous au Tsavo unahusiana, kwa njia ndefu lakini ya kweli, na uaminifu wa cheti cha kifaa kilichomo katika mnada wa mbali.

Mguso wa tatu ni wa makumbusho. Makusanyo ya umma katika ukanda huu yana majambia yenye ala za fedha, panga, gobori na vifaa vingine vya metali. Shinikizo la kuving'arisha kabla ya ugeni wa kiserikali au uzinduzi wa maonesho ni la kawaida popote kilipo kifaa cha metali. Uzoefu wa wakusanyaji wa Marekani, waliolipa kwa fedha zao somo la kung'arisha, unafaa kusomwa hapa bila gharama. Weusi uliojificha kwenye nakshi ya ala ya jambia, mchubuko wa kitako cha gobori na mabaki ya mafuta ya mikono ya watu waliolibeba ni sehemu ya maelezo yake. Vikiondolewa, hakuna kibao cha maandishi kinachoweza kuvirudisha.

8.0 Hitimisho

Makala yameonesha kwamba nikeli juu ya bastola ilipitia kazi tatu. Ilikuwa kinga katika enzi ya baruti nyeusi, ikawa pambo katika soko la raia, na hatimaye ikawa ushahidi mikononi mwa wakusanyaji. Mvuto wake na kasoro zake vina chanzo kimoja: ni tabaka jembamba linaloonesha mengi na kuficha mengi. Wakusanyaji hawakuitatua hali hiyo kwa kuuchukia mng'aro. Waliitatua kwa kuuliza ni mng'aro wa nani, wa lini, na kulikuwa na nini kabla yake.

Mapendekezo matatu yanatokana na mjadala huu. Kwanza, kanuni za kitaifa zinazotekeleza Itifaki ya Nairobi zidai namba na alama zote kunakiliwa kabla ya kazi yoyote ya kusugua au kuchovya silaha. Pili, makumbusho za umma ziwe na mwongozo wa maandishi unaokataza kung'arisha kifaa cha metali bila idhini ya mhifadhi na bila picha za hali yake ya awali. Tatu, vyombo vya istilahi za Kiswahili vitenganishe rasmi dhana za umalizio wa awali na umalizio wa marudio, kwani sheria na orodha za makumbusho haziwezi kulinda tofauti ambayo lugha yake haijaitaja. Pendekezo la tatu ndilo lenye gharama ndogo kuliko yote, na mawili yaliyotangulia yanalitegemea.